Kadi ya Pili na Shimo la Kwanza

Osiri, Migori
2 Februari 2025

Kwa Cephas, mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na Orpah, na huyo aliye tumboni ambaye bado hatujui tumwite nani. Mimi niko sawa. Huku jua ni kali na vumbi limekaa juu ya kila kitu, hata chai. Mniko, yule Mkuria tunayegawana naye chumba, anakusalimu ingawa hakujui. Anasema mtu mwenye ndugu wa kompyuta hafai kula maharagwe kila siku. Nikamwambia ndugu wa kompyuta naye anakula maharagwe, tofauti ni kwamba yeye anakula kwa uma.

Naandika kwa sababu simu tumeiharibu. Mara ya mwisho ulianza na salamu ukamaliza ukinifokea, nami nikakata. Tangu hapo nikiona jina lako kidole kinakataa kugusa. Kwa barua huwezi kunifokea, na mimi siwezi kukata. Issack, yule mwenye duka huku anayeleta unga na sukari kwa lori lake kutoka Homa Bay, amekubali kubeba. Kiswahili ndicho nimechagua kwa sababu Dholuo nikikiandika hata mimi mwenyewe sikisomi, na Kiingereza changu ungekisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Yote uliyosema nimeyasikia. Kwamba mimi ndiye mkubwa, na nisipojenga nyumba yangu nyumbani Rusinga wewe huwezi kujenga yako. Kwamba kwa mila yetu Orpah hawezi kulala ndani ya nyumba ya mama mkwe wake, ndiyo maana mkienda kumwona mama jioni mnavuka kurudi Mbita kulala lojing kama watalii. Kwamba mtoto atazaliwa mwezi wa saba na hana mlango wa kupelekwa. Najua upande wa kulia wa lango la baba ni wangu, na najua una nyasi tu.

Lakini kabla hatujagombana ulitaja kitu ambacho hakijanitoka kichwani. Ulisema mmeongeza kadi nyingine kwenye ile mashine ya hospitali, ili moja ikifa nyingine iendelee na wagonjwa wasijue. Kadi hiyo ni nini? Inakufaje? Na ile ya pili inajuaje kwamba mwenzake amekufa? Mimi siku hizi wamenipandisha, sishuki tena shimoni kuchimba dhahabu, nakaa juu na pampu za kutoa maji. Mtu wa pampu ana nafasi kubwa ya kufikiri. Niandikie kama unavyomwandikia mtu aliyeishia darasa la sita, usinipambie maneno.

Wako,
Omanga

*

Homa Bay
23 Februari 2025

Kaka Omanga,

Salamu zako zimefika, zikinuka sabuni ya lori la Issack. Orpah anasema asante, na anasema wewe na mimi ni watoto. Mama ana nguvu, magoti tu ndiyo yanamsumbua asubuhi. Kuku wake wameliwa na kicheche tena. Nimefurahi kusikia umepandishwa kazi. Uliniambia mwaka jana kwamba watu wa pampu huchaguliwa kwa umri, sasa sijui kama nikupongeze au nikupe pole.

Haya, nitakujibu, halafu nawe utanijibu.

Mashine yenyewe inaitwa seva. Ni sanduku pana na jembamba lililolazwa ndani ya kabati la chuma. Ndani yake ndimo zilimo habari zote za wagonjwa: nani alipimwa nini, nani anameza dawa gani, nani damu yake ni ya kundi gani. Hii yetu ilikuja kutoka kiwandani ikiwa imefungwa na kupangwa kila kitu, si kama kompyuta ya kawaida unayoweza kuongezea chochote utakacho. Waliotengeneza wamesema kabisa: ukitaka kuongeza kadi, weka aina hii, mahali hapa, si pengine.

Kadi si ya kupigia kura, najua hilo ndilo uliwaza. Ni kipande cha bamba cha ukubwa wa kiganja, kina matundu ya kuchomekea kebo. Hapo ndipo seva inapoongea na dunia. Kadi ikifa, seva inabaki hai na akili zake zote, lakini haisikii wala haisemi. Daktari akiuliza habari za mgonjwa hapati kitu.

Ilikuja na kadi moja. Nikaongeza ya pili. Nilizima seva Jumapili, nikavaa mkanda wa mkononi ili umeme wa mwili wangu usiichome, nikafungua kifuniko, nikaisukuma mpaka ikalia ‘ka’. Kisha nikaiambia seva kwamba tundu moja la kadi ya zamani na tundu moja la kadi mpya ni jozi. Jozi hiyo ina anwani moja, kwa hiyo anayeiita hajui ni nani kati ya hao wawili ameitika. Kebo ya kwanza inaenda kwenye swichi yake, ambayo ni kisanduku cha kugawa njia, na ya pili inaenda kwenye swichi nyingine kabisa. Moja inafanya kazi. Ya pili inangoja.

Inajuaje mwenzake amekufa? Kila tundu lina kitaa cha kijani. Kebo ikishikana vizuri, kitaa kinawaka. Kitaa kikizimika, ya pili inaamka na kubeba. Ndivyo nilivyoipanga.

Mkuu wangu, Bi. Ruqia wa rekodi, alitaka kuona. Akakunja mkono wa buibui lake, akashika kebo ya kwanza, akaichomoa mwenyewe. Makarani walikuwa wanaandika kwenye kompyuta zao, wakaendelea kuandika. Hakuna aliyeinua kichwa. Bi. Ruqia akasema, “Basi, hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna atakayekushukuru.” Lakini alitabasamu.

Sasa jibu lako. Nyumba, kaka. Ni lini?

Cephas

*

Osiri
16 Machi 2025

Cephas,

Natumaini mko wazima, na mama pia. Mwambie asiweke kuku chini ya ghala, kicheche anaishi hapo tangu baba akiwa hai. Mimi niko sawa.

Barua yako nimeisoma nikamsomea Mniko, naye akataka nimsomee tena pale pa kadi kulia ‘ka’. Tumebishana sana. Yeye anasema ile kadi ya pili ina raha, kulishwa umeme bure bila kufanya kazi. Anataka kujua kama kuna nafasi ya binadamu. Mimi nilimwambia kungoja nako ni kazi. Akasema, “Wewe unasema hivyo kwa sababu siku hizi unakaa na pampu.”

Nina maswali. La kwanza, kwa nini zote mbili zisibebe pamoja? Watu wawili wakibeba gunia ni rahisi. La pili, ile ya pili ikingoja mwaka mzima, mtajuaje kwamba bado inaweza? Hapa kuna pampu ya akiba chini ya turubai. Sina hakika kama ni pampu au ni nyumba ya panya. La tatu, seva yenyewe ikifa je? Kadi mbili kwenye maiti zitasaidia nini?

Usinicheke kwa hilo la tatu. Nimelifikiria nikiwa nimekaa pale juu nikisikia wenzangu wakishuka. Ukiwa juu unawasikia wakiimba mpaka kamba inafika chini, halafu husikii tena. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikiimba, sikujua kwamba mtu wa juu anaachwa na ukimya hivyo.

Habari za nyumba nitakuandikia. Mvua ikianza udongo utakuwa laini, tutaona.

Omanga

*

Homa Bay
6 Aprili 2025

Kaka,

Huku mvua imeanza na udongo ni laini kabisa. Nakuarifu tu.

Orpah miguu imevimba kidogo, muuguzi anasema ni kawaida. Tulikuwa Rusinga wiki iliyopita. Mama alimshika tumbo, akamketisha, akamlisha omena na ugali wa wimbi, halafu jua lilipoanza kushuka akatusindikiza mpaka langoni, akasimama pale akitutazama tukiondoka. Wewe unamjua mama.

Maswali yako. Kadi zote mbili kubeba pamoja inawezekana, lakini swichi zetu ni za bei rahisi na haziwezi kuelewana hivyo, kwa hiyo tulichagua moja ingoje. Ya pili tunaijaribu mara kwa mara, tunachomoa ya kwanza makusudi. Na seva ikifa, kuna nyingine ndogo jengo la pili inayonakili kila kitu. Nilitaka kukucheka kwa hilo, lakini Bi. Ruqia naye aliliuliza siku ya kwanza, kwa maneno hayohayo ya maiti.

Sasa nikueleze aibu yangu, kwa sababu najua utaipenda.

Vibarua walikuja kuchimba mahali pa kusimamisha nguzo ya hema la wagonjwa wa nje. Wakakata kebo iliyo chini ya ardhi, ile inayotoka kwenye swichi ya kwanza kwenda jengo kubwa. Mara kompyuta hazipati habari za wagonjwa, dawa hazitoki. Karani wa duka la dawa anapiga kelele dirishani. Foleni imefika mpaka kwenye jiko la wapishi. Nikakimbia kwenye seva, nikatazama kitaa cha kwanza: kijani. Cha pili: kijani. Nikatoka nikawaambia watu, kifua mbele, “Seva iko sawa. Shida iko kwenu.”

Nilirudi kutazama mara nyingine, kijani. Nikawaambia tena. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua dawa ya presha akaniambia, “Kijana, presha yangu na yako leo ni moja.” Watu wakacheka, mimi sikucheka. Ndipo Bi. Ruqia akaja polepole, akasimama nyuma yangu, akauliza, “Hicho kitaa kinaona mpaka wapi?”

Kaka, kitaa hakioni mbali. Kinaona mwisho wa kebo yake tu, pale kwenye swichi ya jirani. Swichi ilikuwa hai, kwa hiyo kitaa kikawaka. Kwamba mbele ya swichi njia imekatika, hakikujua. Kadi ya kwanza ikaendelea kutuma maneno yake kwenye njia isiyofika popote, na ya pili, yenye njia nzima, ikakaa kimya ikingoja, maana kwake mwenzake yuko hai. Kitaa kinawaka, ataingiliaje?

Nikachomoa ile ya kwanza kwa mkono. Mara moja dawa zikaanza kutoka.

Sasa natakiwa kubadilisha mpango. Kadi isiangalie kitaa. Iulize swali mbali, kwa mashine iliyo jengo kubwa kule: “Upo?” Jibu lisiporudi, mwenzake abebe, hata kama kitaa kinawaka kama nyota.

Mambo ni hayo. Na nyumba je?

Cephas

*

Osiri
18 Mei 2025

Cephas,

Samahani kwa kukawia. Mvua iliharibu barabara na Issack hakufika muda mrefu. Niko sawa.

Nimecheka sana ile ya presha. Mniko anasema ukija huku atakuonyesha kitaa cha kijani kwenye simu yake ambayo humu chumbani haijawahi kushika mtandao.

Swali moja tu. Ile kadi ya kwanza ikishatengenezwa njia yake, inamnyang’anya mwenzake kazi na kurudi mbele? Au inakaa nyuma? Maana ilikuwa ya kwanza.

Msalimie mama.

Omanga

*

Homa Bay
25 Mei 2025

Kaka Omanga,

Barua yako ilikuwa fupi kuliko orodha ya dukani. Nimeisoma nikimwona Issack amesimama mlangoni, anazungusha kofia yake mikononi. Nikamwambia aingie anywe chai. Akanywa. Kisha akaniambia kitu ambacho nimekiweka mwisho, kwa sababu swali lako lilitangulia.

Unachagua mwenyewe. Unaweza kuipanga kadi ya kwanza irudi mbele mara inapopona. Lakini kila kazi inapohama kutoka kadi moja kwenda nyingine, kuna mshtuko kidogo, maneno machache yanadondoka njiani. Tena ya kwanza ikiwa haijapona vizuri, itachukua, itaangusha, itachukua, itaangusha, na hiyo ni mbaya kuliko kufa. Kwa hiyo nimeipanga hivi: anayebeba aendelee kubeba. Wa kwanza arudi akae kwenye jozi, macho wazi, kebo imechomekwa. Si kwamba ameshushwa. Bila yeye hakuna jozi.

Sasa ya Issack. Alisema hukupandishwa. Alisema tangu mwaka jana hushuki shimoni kwa sababu pumzi haitoshi, na kwamba siku aliyokuja mara ya mwisho ulitoka kumpokea kwenye lori ukakaa chini kwenye gunia kabla hujamsalimu. Usimkasirikie. Nilimbana. Alisema, “Mimi nabeba barua, sikuwa nimekubali kubeba siri.”

Omera, ndugu yangu, barua zako zote zina maneno “niko sawa”. Na mimi nimekaa hapa miezi yote nikikukasirikia, nikisema kaka yangu ni mzima, ana mikono, ni ukaidi tu. Nilimwambia hata Orpah. Nilitoka mbele ya watu kifua mbele nikasema shida iko kwao.

Kwa hiyo sikuulizi tena kama uko sawa. Nakuuliza hivi: ukitoka pale kwenye pampu zako, unaweza kufika mpaka kwenye duka la Issack, ambalo anasema liko barabarani kwenye mwinuko, bila kupumzika?

Nijibu hilo tu. Nyumba iache kwanza.

Mdogo wako,
Cephas

*

Osiri
8 Juni 2025

Cephas,

Siwezi.

Napumzika pale kwenye mashine ya kusaga mawe, napumzika tena kwa mama wa chapati, na nikifika dukani nasema nimekuja kupiga soga, ili watu wasione nimekaa kwa sababu gani.

Ni vumbi. Tuko wengi. Kule chini ukipasua jiwe unavuta vumbi lake lote, na sisi tulijifunga vitambaa puani tukaona vinatosha. Nilianza kwa kukohoa. Kisha nikaona kijana wa juzi anabeba gunia ananipita. Siku niliyoshindwa kupanda kamba, Mniko alishuka akanisukuma kutoka chini kwa kichwa chake, na hajamwambia mtu mpaka leo. Ndipo nikapewa pampu. Nilikuandikia nimepandishwa kwa sababu ni kweli, walinipandisha kutoka shimoni. Sitaki kujificha nyuma ya maneno hayo tena.

Hospitali sijaenda. Niliogopa wataniambia jina la ugonjwa, na jina likishatajwa ungesikia mpaka huko.

Sasa ya nyumba. Nilitaka kuja kila mwezi. Lakini nilijiona nimesimama upande wa kulia wa lango, baba mdogo Stanley na wazee wametengeneza duara, mama amekaa kwenye kiti chake, nimepewa chepeo nichimbe shimo la nguzo ya kwanza. Na katikati ya shimo nakaa chini. Mbele ya mama. Shimoni mimi nilikuwa mtu wa kusifiwa, Cephas, watu waliniita nikachimbe pale wengine walipokata tamaa. Halafu nishindwe na shimo la nguzo.

Nilifikiri nikinyamaza utachoka, utajenga bila mimi. Nilijua huwezi, mama asingekubali, na wewe pia usingethubutu. Bado nilifikiri hivyo.

Nina swali. Muulize baba mdogo, kama kitu unachotaka kujua tu, usimwambie ni mimi nimeuliza. Shimo la kwanza ni lazima liwe na kina gani?

Omanga

*

Homa Bay
15 Juni 2025

Kaka,

Nilivuka Rusinga siku ileile Issack aliponipa barua. Nilimkuta baba mdogo Stanley anashona wavu uliochanika. Nikamuuliza kama ulivyosema, kama kitu ninachotaka kujua tu. Akaendelea kushona. Kisha akasema, “Omanga anaumwa nini?”

Nikamwambia. Usinilaumu, hata wewe usingeweza kumdanganya mtu huyo.

Alishona mpaka akamaliza tundu lile la wavu. Akasema wanachotazama wazee ni mkono wa nani umetangulia. Mkubwa akichoma udongo mara moja kwa mkono wake, hilo ni shimo. Waliobaki watalimaliza, ndiyo maana wanaitwa. “Hakuna aliyewahi kuja hapa na rula,” akasema. Mkubwa ashike nguzo ya kwanza inaposimamishwa, hata kama wengine ndio wanaibeba, na usiku wa kwanza alale humo. Basi. Mengine ni ya vijana na wanawake wa kukandika udongo. Mama alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Akatoka na ungo akaanza kupepeta mtama ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Wamesema Jumamosi ya tarehe tano Julai. Mimi sitakuwepo, na naumia. Siku hiyohiyo ndiyo tumepewa ya kuzima seva na kubadilisha ule mpango wa kadi, na Orpah anakaribia, siwezi kuwa mbali naye kisiwani. Lakini baba mdogo anasema ni sawa, mdogo hana kazi kwenye nyumba ya mkubwa zaidi ya kuja kula.

Pita hapa kwanza Alhamisi. Nimeandikisha jina lako upigwe picha ya kifua. Issack atakuleta na lori, atakuketisha mbele. Sitakufokea.

Cephas

*

Rusinga
6 Julai 2025

Kwa Cephas na Orpah,

Nawasalimu kutoka nyumbani. Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye mlango wangu. Udongo wa ukuta bado ni mbichi, nikiegemea naacha alama ya mgongo. Mama amekwisha kupita hapa mara nyingi asubuhi hii, kila mara na sababu nyingine: chumvi, moto, kuku.

Nianze na Alhamisi, kwa sababu hapo hospitalini sikuongea vizuri. Yule Bi. Ruqia aliponiuliza jina na kuliandika kwenye kompyuta, nilijua limekwenda kwenye sanduku lako. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu nikajisikia vizuri. Na uliponiingiza kwenye kile chumba cha baridi, sikukwambia nilichoona. Nilidhani ni kitu kikubwa. Ni kama sanduku la mtu anayekwenda bweni. Vile vitaa viwili, kimoja kilikuwa kinapepesa bila kupumzika, kingine kimetulia tu. Ulinionyesha kwa kidole, ukasema huyu anabeba, huyu anangoja. Nikamtazama sana huyo anayengoja. Hakuonekana mgonjwa.

Daktari ametaja jina la ugonjwa. Umelisikia, nami nimelisikia, na paka wa daktari pengine amelisikia. Amesema nisirudi kwenye vumbi. Hakusema nitapona, alisema nisirudi. Nimemtumia Mniko ujumbe achukue blanketi langu na sufuria. Amejibu kwamba alikuwa ameshavichukua.

Jana walikuja watu kuliko nilivyotaka. Baba mdogo alinipa chepeo. Nilichoma udongo, nikageuza bonge moja, na nikaona bado nina pumzi, nikachoma tena. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Tosha, omera, usituchimbie dhahabu.” Watu wakacheka, nami nikampa mwingine chepeo nikiwa bado nimesimama. Nguzo niliishika. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Hakulia, aliwapigia kelele waliokuwa wanakandika kwamba wanapoteza udongo.

Nimelala humu. Mabati yanalia upepo ukitoka ziwani, na kuna mlango ambao haufungiki vizuri. Nimelala.

Upande wa kushoto wa lango ni wako sasa, hakuna anayekuzuia. Nimekupangia mawe mahali ambapo naona mlango wako utazame, ila kama Orpah anataka utazame kwingine, ayasogeze. Mtoto akija, mleteni. Msivuke tena kulala Mbita.

Kuna jambo baba mdogo alitaka tulizungumze, la nani sasa asimamie mambo ya mama, dawa zake, shamba, na wageni. Alidhani kwa kuwa nimerudi na nimejenga, nitayachukua. Nimemwambia aache kama yalivyo. Wewe ndiye unayebeba, endelea. Mimi niko hapa, kebo imechomekwa. Siku utakayoshindwa, au mtoto akikunyima usingizi, mimi nitabeba.

Lakini niulize. Usiniulize kama niko sawa, nitakujibu niko sawa. Niulize kama nimefika ziwani.

Leo nimefika. Nilipumzika njiani kwa yule mama anayeanika omena, na hakuniuliza kwa nini nimekaa. Nikafika, nikaosha miguu, nikarudi.

Kaka yako,
Omanga